Farasi Sita kwa Mke wa Mkono wa Kushoto

Banda la Farasi,
Kasri la Waldenrode,
11 Machi 1874

Dada yangu Keziah,

Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu uniage gatini Albany. Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi hii? Na mguu wa shemeji Amos? Mimi mwili upo, ila tangu Jumapili sijalala, na taa hii ya bandani ni hafifu. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Nina hofu, dada.

Unamkumbuka Bibi Adelia niliyemfuata huku, yule uliyekuwa ukimfulia magauni ya dansi. Vijana wa Saratoga walikuwa wakipigana vikumbo wapate kucheza naye. Huku ameolewa na mwana wa mfalme, lakini kwa kuwa hakuzaliwa katika damu yao, kanisani alipewa mkono wa kushoto. Mke wa namna hiyo hana cheo cha mumewe. Hutokea mlango wa pembeni, na gari lake huvutwa na farasi wawili, basi. Sita ni wa damu ya kifalme. Nami nilidhani hiyo ni sheria ya siku za sherehe tu.

Jumapili theluji ilikuwa imeyeyuka, njia ya kanisani tope tupu. Mumewe yuko jeshini. Mzee Gottlieb, mwendesha gari, alikuwa na homa, nikaendesha mimi. Nikafanya kama tufanyavyo kwetu msimu wa matope: nikaongeza farasi wanne. Bibi alipanda kutoka mlango wake wa pembeni, farasi walioongezwa mbele hakuwaona. Langoni askari wakapiga ngoma, watu wakainama. Mama mkwe wake alikuwa dirishani.

Gottlieb aliposikia alinyanyuka na homa yake. "Kichwa maji wewe! Sisi kumtawaza mtu tunataka askofu na taji, wewe umemtawaza kwa kwato!"

"Lilikuwa tope, mzee."

"Haya, kawaambie tope ndilo lililoamuru!"

Mkataba wa ndoa unasema Bibi akijitwalia cheo atarudishwa kwao, na mtoto abaki. Henrietta ana miezi saba, bado ananyonya. Kesho baraza la ukoo linakaa, na shahidi ni mimi.

Jana msimamizi wa kasri alikuja na tiketi ya meli, akaiweka juu ya tandiko. "Silas, sema bibi alikuamuru. Wiki ijayo uko baharini." Akaongeza kwamba mtumishi anayefunga farasi wa kifalme bila amri huvunja mawe ngomeni miaka miwili.

Sitakuficha, dada. Tiketi niliishika, nikaisoma mara tatu.

Leo asubuhi Bibi alikuja bandani na mtoto begani. Hakunisihi. Aliniuliza tu, "Silas, mtoto akiamka usiku huku, nani atajua kwamba hulala kwa kuimbiwa?" Nikashindwa kumtazama.

Tiketi nimeirudisha. Kesho nitasema nilifunga farasi mwenyewe. Ninaogopa, lakini nitasema.

Mama mwambie nimepata kazi ya mawe, usiseme wapi. Nisalimie Amos, shangazi Dorcas na watoto wake. Mungu awalinde, nami anipe mgongo wa kutosha.

Msinitazamie kiangazi hiki wala kijacho. Nitazamieni Mei 1876, barafu ya mto ikishaondoka.

Ni mimi kaka yako, nisiyekusahau,
Silas Pruitt