Tofali Lenye Vidole Vyako

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni ugomvi, na ugomvi wetu umetosha. Nimekaa kwenye ngazi ya ukumbi wetu wa sanaa hapa Rusimbi tangu asubuhi. Nimeshtuka, Baba. Sina neno jingine.

Unaukumbuka ule mkutano wa mtaa? Niliomba watu tusaidiane kujenga nyumba ya sanaa, watoto wa wachuuza dagaa na wakamua mawese wajifunze ngoma, uchoraji na ususi. Nikasema vijana wetu wakienda mbali wanaitwa Warundi, wanadaiwa vitambulisho, basi na wawe na mahali pao pa kusimama waseme wao ni nani. Watu wakapiga makofi. Wewe ukanyoosha mkono.

"Hapa mtaani watoto wanajisaidia vichakani," ukasema. "Choo kwanza. Ngoma baadaye."

Nami, kwa ulimi huu niliourithi kwako, nikajibu mbele ya wote kwamba mzee huyu amefyatua matofali umri wake wote na bado analala nyumba ya udongo. Walicheka. Ulichukua kofia yako ukaondoka. Tangu siku hiyo tukasalimiana kama wapangaji. Ulipofariki masika iliyofuata, samahani yangu ilikuwa bado mdomoni.

Wiki chache baada ya mkutano, matofali yalianza kuonekana kiwanjani. Kila tukifika alfajiri tunakuta rundo jipya, limepangwa vizuri kifudifudi, halina mwenyewe. Vibarua wakagoma kuyagusa. Kitu kisicho na mwenyewe, walisema, kina mwenyewe. Mimi niliyesoma, niliyekuwa nikiwacheka kwa mambo hayo ya uchawi, nikaogopa kuliko wao. Nikaamua yasiingie ukumbini hata moja. Fundi Bakari nikamwambia ayajengee choo.

Leo tulikuwa tunapanua mlango wa choo hicho. Bibi anayetufundisha kusuka mikeka anatumia kiti cha magurudumu, na kiti hakipiti. Bakari akabandua tofali la kwanza, akalikung'uta udongo, kisha akaninyooshea. Nikalichukua. Juu yake palikuwa na alama za vidole vinne, cha tatu kifupi.

Nilirudi utotoni palepale, Baba. Kule bondeni Luiche, watu watano wanachoma tanuru moja, kwa hiyo kila mmoja anatia alama tofali lake likiwa bichi. Wengine walichora msalaba, wengine duara. Wewe ulikandamiza vidole, na kile cha tatu kilichokatwa na panga la michikichi kikaacha kishimo kifupi. Mimi nimeshika kata ya maji, wewe unacheka: "Mwana wanje, mwanangu wee, anayetaka kuniibia aanze kwa kukata kidole."

Nilibandua la pili, la tatu, la nane. Yote yako. Alama zilikuwa zimelala ndani ya udongo muda wote huo, nami napita hapo kila siku na ndoo.

"Ulijua?" nikamuuliza Bakari.

"Nilijua, dada. Mzee alinikataza. Alisema ukijua yametoka kwake utayarudisha."

Ningeyarudisha, Baba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikamuuliza kama ulifahamu nilikoyapeleka. Bakari akainamisha uso. "Nilimwambia. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Si nilisema choo kwanza?'"

Hapo ndipo nilipokuja kukaa ngazini, na sijainuka. Nimecheka, nimelia, sijui kipi kilitangulia. Nilisema mbele ya mtaa mzima kwamba hukujijengea kitu, na wewe, na mgongo wako ule mbovu, ukawa unashuka bondeni kunifyatulia.

Samahani, Baba. Nilikuaibisha hadharani, na wewe ukanisaidia kwa siri. Jumamosi nitaitisha mkutano uleule, nisimame palepale, niseme hivyo kwa sauti ileile.

Matofali ya mlango Bakari atayajenga mbele ya jukwaa, alama zikitazama watu. Yaliyobaki hayatoki chooni. Uliomba choo, na choo umepata.

Nimejaribu kuweka vidole vyangu kwenye vyako. Vitatu vimeingia. Kile cha tatu, kirefu kuliko chako, kimegoma.

Pumzika, nami nikanawe udongo huu,
Binti yako, mshika kata