Mpini Ambao Baba Hakutaka Kuung'oa

Mama,

Maharagwe yameiva, bado chumvi tu. Usiingie karakana ya nyuma, na kile kitufe chekundu cha kuzimia mashine kiache kilivyo. Jirani anatupeleka zahanati. Baba yu mzima, ni mkono.

Taarifa rasmi ni hii. Unajua ile mashine ya kuchonga vyuma sasa inaendeshwa na kompyuta, mota ndizo zinazosogeza meza yake. Lakini Baba alikataa kuung'oa mpini wa zamani wa kuzungushia kwa mkono, eti kiganja chake kitajiona yatima. Asubuhi hii nilitaka kumtania kidogo. Akiinama kuipaka mafuta, mimi nibonyeze kompyuta nikiwa dirishani, meza ijisogeze zile sentimita kumi zake za majaribio, aruke kama paka.

Meza ikasogea. Mpini nao, kwa kuwa bado umeungwa na meza, ukazunguka kama panga la feni. ~~Ukampiga~~ Nikampiga kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa, Mama. Mpaka sasa nausikia.

Baba alikaa sakafuni akaniuliza, "Imesogea sentimita kumi kamili?" Nikapima kwa rula. Kumi kamili. Akacheka, halafu akalia. Sikujua kwamba Baba hulia.

Mpini nimeung'oa, uko chini ya kitanda changu.

Jirani anapiga honi. Nimemwomba Baba anigombeze, amekataa. Tafadhali nigombeze wewe, tena leo hii, maana huku kusamehewa sikuwezi.

Binti yako, mchokozi mstaafu