Kapu la Barua za Mbonea

Same, Alhamisi. Upepo umeleta vumbi la stendi mpaka ndani ya ofisi, na umeme umekatika mara mbili tangu asubuhi. Macho yananiwasha. Siku nyingine ningelalamika ukurasa mzima, lakini leo nilikuwa na kazi.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye ofisi ya kuchapa na kutoa nakala, karibu na soko. Tuna kompyuta moja yenye barua pepe, na watu wa milimani wenye watoto nje wanatumia anwani yetu hiyo hiyo. Barua zikija nazishusha haraka, maana laini ya simu inakula pesa, nakata, halafu nangoja mwenyewe ashuke siku ya gulio nimsomee. Zikishashuka kwetu, kule zilikotoka hazibaki.

Nikimaliza kusoma naiburuta barua kwenye kile kikapu kilichochorwa pembeni mwa kioo. Hapo ndipo nilipokosea.

Nimekulia Vudee, huko milimani. Kwetu kapu ni la kuhifadhia: mbegu za maharage, ndizi za kuivisha, nguo za mtoto. Takataka zinakwenda shimoni nyuma ya migomba. Sijawahi kumwona mtu mzima akitupa kitu kwenye kapu zuri. Basi barua zote zilizokwisha kusomwa, pamoja na majibu tuliyotuma, nilizitia kapuni zikae salama.

Jumatatu nilikwenda nyumbani kwenye msaragambo, kijiji kizima tunazibua mfereji wa maji. Bosi akabaki ofisini peke yake. Bosi wangu ni mtu wa Tanga mjini, mpole sana. Akaona kompyuta inajikongoja, akaona kapu limejaa, akalimwaga. Alinipa habari hiyo kwa furaha, kama mtu aliyenifagilia uwanja.

Siwezi kumlaumu. Nilimlaumu kidogo, kimoyomoyo.

Jana akashuka Mama Mbonea. Mumewe amelazwa hospitali ya misheni huko juu na hali yake si nzuri. Mbonea, mtoto wao, yuko Afrika Kusini. Aliondoka baada ya kugombana na baba yake kuhusu mibuni. Bei ya kahawa ilipoanguka kijana alitaka kuing'oa wapande tangawizi, mzee akasema atakayeigusa si mwanawe. Kijana akang'oa mstari mmoja. Tangu hapo mzee hajalitaja jina lake, na Mbonea humwandikia mama tu.

Sasa mzee, katikati ya homa, ameuliza Mbonea yuko wapi.

Mama alitaka tumwandikie mara moja. Nikafungua kapu, tupu. Mbonea huandikia kwenye vibanda vya intaneti, anwani anabadilisha kila akihama, namba ya simu ameshabadilisha. Anwani yake ya sasa ilikuwa kwenye barua yake ya mwisho na si kwingine kokote. Nilimwambia mama ukweli. Hakunigombeza. Alisema, "Tafuta, mwanangu. Mimi sipandi mlima kabla hatujamwandikia." Amelala kwangu.

Bosi alinivuta pembeni. "Mwambie tu barua imekwenda," alisema. "Arudi kwa mgonjwa wake akiwa na amani. Sisi tutaendelea kutafuta."

Alisema kwa huruma, najua. Nilikasirika hata hivyo, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba ingewezekana kabisa. Mama hajui kusoma. Nikimwambia imekwenda, imekwenda. Miaka yote ameamini kila neno ninalomsomea, na ndiyo maana siwezi kumwambia hilo.

Asubuhi nikampigia fundi wetu aliyeko Mwanga. Aliniuliza kama programu ya barua, ninapoifunga, huniomba ruhusa ya kubana mafaili, na kama nimewahi kukubali. Nikamwambia huwa inauliza, na siku zote nabonyeza hapana kwa sababu sielewi inataka nini. Alicheka sana. "Basi dada, ushamba wako umekuokoa."

Akanieleza kwamba barua ikimwagwa kapuni, inaondolewa kwenye orodha tu. Maneno yake yanabaki ndani ya faili mpaka litakapobanwa. Nisishushe barua mpya, zisije zikaandikwa juu ya zile. Nitoe nakala ya lile faili, nakala hiyo niifungue kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kisha nitafute kwa macho yangu.

Umeme ukakatika nakala ikiwa nusu. Uliporudi nikaanza upya.

Ndani mlikuwa na vurugu tupu: viboksi, alama za kuuliza, herufi zisizo na lugha, halafu ghafla "Shikamoo mama, huku baridi kali." Nikapiga ukelele mdogo. Nikatafuta jina la Mbonea, likaja kila mahali, kwenye barua za zamani, kwenye majibu yetu, pamoja na anwani zilizokwisha kufa. Vipande vya familia nyingine nilivipita bila kusoma. Bosi alileta chai akaiweka mezani, kisha akawa anawarudisha wateja wa kuchapa waje kesho.

Nilipochoka kabisa nilimwuliza mama, aliyekuwa kwenye benchi, barua ya mwisho ilihusu nini. Akajibu pale pale, "Aliuliza habari za yule ng'ombe aliyevunjika pembe."

Nikaandika "pembe".

Ikaja moja tu. Nikapanda juu kidogo ya maneno yale, katikati ya zile takataka, na anwani ilikuwa pale, nzima, mpaka nukta ya mwisho. Niliinakili kwa mkono kwanza, sikuiamini mashine.

Barua za Mama Mbonea huwa ndefu. Salamu za shangazi, za mchungaji, za majirani wa kulia na kushoto. Leo alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Andika: Mbonea, baba yako amekuuliza. Njoo."

Nikangoja. Nikauliza kama niweke salamu.

"Salamu atazikuta hapa."

Laini ilishika mara ya tatu. Mama aliuliza, "Imefika?" Bosi alinitazama. Nikamjibu mama kwamba imeondoka, kufika bado hatujui. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko wake, akasema basi anapanda gari la jioni akamwambie mzee kwamba mtoto ameitwa.

Kesho nafungua ofisi mapema, na laini nitaishika mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akijibu, sitangoja gulio. Nitapanda mlima mwenyewe nikaisome barua yake kando ya kitanda, mzee akisikia.