Ulimi wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Watu kumi na tisa kabla ya saa tano. Maswali yale yale kwa kila mmoja: umekula? umekunywa chai? umepiga mswaki? Mswaki huondoa vijidudu kwenye ulimi, kwa hiyo aliyepiga namrudisha nyumbani, aje kesho. Kijiti cha pamba juu ya ulimi, kisha kichupani, kisha kwenye kifaa. Ni kidogo kama simu. Kinatafuta DNA ya vijidudu vya kifua kikuu na kutoa jibu kwa nusu saa. Bado tuko kwenye majaribio, ila nakiamini. Kamau, mwenzangu wa maabara, anasema nimeolewa nacho.

Jumatano, 5 Machi
Mama bado anakohoa. Wiki ya tatu. Kikohozi kikavu, makohozi ya kupima hayapatikani. Anasema ni vumbi la mtaa wetu, Huruma. Sketi zinampwaya. Mchana kutwa anamlea Baraka, mtoto wa dada yangu Nafula, ambaye amesharudi kiwandani. Mtoto ana wiki tisa. Hulala kifuani pa Mama. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempima Mama. Alikuja na gauni la kanisani, akasalimia foleni nzima kwa mkono.
"Mama, huyu daktari wako anatuchapisha kazi," Kamau akamwambia.
"Na nyinyi mchapisheni. Nyumbani haoshi hata sufuria."
Foleni ikacheka. Mimi pia.
Mstari wa kifua kikuu haukutokea. Mstari wa pili, unaoonyesha kwamba kijiti kimebeba chembe za kutosha za mtu, ulikuwa hafifu. Lakini ulikuwepo. Nimeandika: hana. Nimejifungia chooni nikalia kwa furaha.

Jumapili, 9 Machi
Mama amembeba Baraka ibada nzima.

Alhamisi, 20 Machi
Damu kwenye leso ya Mama. Aliificha chini ya nguo za kufua.
Nimefika kazini na hasira, nikamwambia Kamau kifaa kinadanganya. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye neno nililoandika mwenyewe: hafifu. Kanuni ni kurudia kipimo. Kisha akauliza kama nilimkataza Mama mswaki.
Jioni nimemuuliza Mama. Akanishangaa.
"Nije kazini kwako na mdomo mchafu? Wenzako wangesema nini juu yako?"
Alipiga mswaki mara mbili. Akausugua ulimi kwa chumvi.
Wageni wote nawaambia. Yeye nilishindwa. Kumwambia mama mzazi asisafishe kinywa, niliona aibu. Halafu nikaona mstari hafifu na sikurudia, kwa sababu jibu lile ndilo nililolitaka. Kifaa hakikukosea. Mimi ndiye.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemwambia waziwazi: Mama, usipige mswaki, usinywe chai. Njia nzima alifunika mdomo kwa leso. Mezani akafumba macho, akatoa ulimi.
Mistari miwili. Myeusi.
Dawa miezi sita. Nimekwenda mwenyewe kwa mkuu wa majaribio na kuandika kosa kwa jina langu. Sijui kama nitabaki. Baraka amepelekwa kupimwa. Nafula aliniuliza swali moja tu: ulijua? Nimemweleza yote, hata juu ya ule mstari.

Jumatatu, 24 Machi
Baraka hajaugua. Atapewa dawa ya kinga. Nilikaa kwenye ngazi za kliniki. Nafula alinipita na mtoto mgongoni. Hakuniangalia.

Jumapili, 6 Aprili
Nimebakizwa kazini. Siku hizi swali la mswaki nauliza mara mbili, na wazee nawauliza kwanza.
Mama yuko dirishani, amefungua vioo vyote. Uji ameumaliza. Mchana Nafula alikuja. Hakuingia. Alisimama mlangoni akamwinua Baraka juu, aonekane vizuri. Mama akampungia mkono mmoja, ule mwingine umefunika mdomo. Wakakaa hivyo kwa muda mrefu.
Nilikuwa jikoni. Nimeosha sufuria zote.