Kilichobaki Baada ya Kutoa Kishikio

Bayan Lepas, 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. U hali gani huko Taiping, na magoti je, yameacha ukorofi? Mimi mzima, mchumba wangu Hafizuddin naye mzima, anakusalimu sana.

Naandika barua maana simu imetushinda. Jumapili nilikuuliza habari za harusi ukanijibu habari za paka, kisha ukasema laini mbovu, ukakata. Halafu Shangazi Kalsom ananiambia eti umemwomba kadhi aniozeshe yeye badala yako. Baba, walii wangu ni wewe! Kama humtaki Hafizuddin, niambie mimi, usimwambie shangazi.

Kazini pia nina kichwa moto. Ile sakiti yangu ya kuchuja mawimbi ya redio, ambayo nimeihangaikia miaka miwili, vipimo vinasema inameza karibu nusu ya nguvu inayopita. Bosi wangu, Bwana Khoo, anataka kuitupa. Mimi nasema kosa ni la kishikio. Sakiti yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, haishikiki na kebo, basi tunaiweka kwenye kishikio chenye njia za shaba, nacho hula nguvu yake. Nitapima kishikio peke yake, niondoe sehemu yake kwa hesabu, ibaki sakiti tupu. Kama unavyopima matunda ya durian na kikapu, kisha ukatoa kikapu.

Binti yako,
Rohayu


Taiping, 11 Machi

Mwanangu Rohayu,

Marahaba, mama. Mvua hapa haina adabu, magoti yanaijua kabla yangu. Paka kazaa wanne.

Hafizuddin sina neno naye, kijana mzuri. Kadhi ana sauti nzuri, ndiyo sababu tu. Na simu, mwanangu, nimebadilisha ya tatu sasa, zote takataka. Vipaza sauti vya msikitini navyo vimeharibika, khutba yote ni mvumo. Hata Kalsom siku hizi anaongea kama ana wali mdomoni.

Hicho kishikio chako, hakikisha unachokipima ndicho unachokitumia. Nimetengeneza redio miaka thelathini na moja, najua mtu anavyopenda kulaumu waya.

Baba yako


Bayan Lepas, 19 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Natumaini paka na wanawe hawajambo.

Cheka, nakuruhusu. Nilitoa kishikio kwa hesabu, sakiti ikatoka nzuri ajabu. Nikakimbia kwa Bwana Khoo na mchoro mkononi. Akautazama, akasema, "Dada, hii kitu haina betri. Inatoaje nguvu nyingi kuliko iliyoingia? Imeolewa na jini?" Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Baba, nilikuwa nimetumia vipimo vya kishikio cha zamani, chenye njia ndefu mara mbili. Nilivikuta kwenye kompyuta, vikanipa jibu nililolitaka, sikuuliza zaidi. Kwa hiyo nilikitwisha kishikio hasara isiyokuwa yake. Nimerudia kwa kile chenyewe. Hasara yake ni kidogo tu, iliyobaki ni ya sakiti yangu. Niliikosea mimi mwenyewe tangu kuichora. Nimelia chooni, nimenawa uso, nimemwambia Bwana Khoo ukweli. Kanipa miezi mitatu nichore upya.

Sasa usikasirike. Simu tatu, vipaza sauti, wali mdomoni mwa shangazi. Nimevitoa vyote kimoja kimoja, na hesabu inakataa. Kuna kitu kinabaki, Baba. Naomba uende hospitali ukapimwe masikio. Nakupenda, ndiyo maana nasema.

Binti yako


Bayan Lepas, 14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki ya nne hii bila barua. Shangazi anasema u mzima ila umenuna. Kama nimekosa adabu, nisamehe. Lakini sifuti nililoandika.

Harusi ni tarehe sita Juni.

Rohayu wako


Taiping, 28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilinuna, ni kweli. Wiki nne. Kisha nikaenda.

Binti wa hospitali alinifungia kwenye kijumba, akanivisha vile vya masikioni. Nikamwambia, "Mwanangu, vyombo vyako vibovu." Akavivaa mwenyewe, akasikiliza, akanitazama kwa huruma. "Baba, mimi nasikia vyote."

Sikio la kushoto karibu limekwisha. La kulia nusu.

Basi sikiliza. Nilijua. Niliogopa msikiti mzima ukinitazama, nimemshika mkono Hafizuddin, nimetamka maneno ya kukuozesha, naye anajibu, mashahidi wanasema ndoa imesihi, na mimi nimekaa kama gogo sijui kama binti yangu ameolewa au bado. Fundi wa redio! Aibu ilinishika, ndipo nikamtafuta kadhi.

Nimepewa kifaa cha sikio la kulia. Siku ya kwanza nilisikia majani ya chai yakichemka nikadhani nyumba inavuja. Kadhi nimemwambia akae pembeni. Nitakuozesha mimi.

Baba yako


Taiping, 9 Juni

Wanangu wawili,

Salamu nyingi. Nyumba kimya, wageni wameondoka, Kalsom kanipikia nyama ya rendang ya wiki nzima.

Rohayu, najua ulinuna kidogo nilipomwambia mumeo arudie jibu lake. Watu walicheka wakasema, haya, masikio ya mzee hayo. Niliwaacha wacheke. Nilimsikia vizuri kabisa mara ya kwanza, kila neno, "Rohayu binti Mokhtar." Nilitaka tu kulisikia jina lako na langu pamoja mara moja zaidi, kabla sijauachia mkono wake.

Baba yenu