Divai Nyekundu ya Shemeji Nikolaus

Jumanne, 10 Agosti 1954. Kilosa

"Nchi kame ya Ugogo haiwezi kutoa divai nyekundu ya maana, na wenyeji wanaoilima hawana ulimi wa kuijua." Ndivyo alivyoandika gazetini meneja mmoja wa shamba la katani, mjumbe wa kamati ya kilimo. Uongo mara mbili katika sentensi moja! Mizabibu ya shemeji yangu Nikolaus, kule karibu na Dodoma, imezaa miaka sita mfululizo. Na huo ulimi wetu ameupimaje, ikiwa sheria yao inatukataza divai bila kibali? Hata kanisani padre hunywa peke yake, sisi tunatazama.

Si mzaha. Jumatatu kamati itaamua kama mizabibu ya Nikolaus ing'olewe, maji ya kisima wapewe ng'ombe. Ninaandika makala ya kumjibu huyu bwana gazetini, kama kawaida yangu. Itamchoma.

Jumatano, 11 Agosti

Nikolaus kashuka na treni ya asubuhi. Chupa mbili ndani ya gunia la mtama — moja ya mwaka jana, moja ya miaka mitano. Askari wa stesheni alimuuliza kabeba nini. Akajibu, dawa ya mifugo. Aliyemfundisha kukamua ni bruda wa misheni, sasa marehemu. Nikolaus mwenyewe hajawahi kuionja ikiwa imekomaa. Mkulima asiyejua ladha ya zao lake!

Tukafunga mlango. Ya mwaka jana ni changa, ina ukali wa matunda ya porini. Ulimi ulikauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikaipenda.

Kisha ile ya zamani. Mke wangu Gaudiosa ni mpika pombe anayejulikana hadi Masanze. Kwetu pombe haitolewi kabla ya kukorogwa hadi chini, asije mgeni mmoja akapewa maji matupu na mwingine machicha. Basi akaitikisa chupa kwa nguvu zote, nami nikimhimiza. Likatoka tope! Chungu, mchanga mdomoni. Gaudiosa alisema hata nguruwe pori wangeisusa.

Nikolaus hakucheka. "Shemeji," alisema, "labda yule bwana anasema kweli."

Niliiweka kalamu chini. Mimi!

Alhamisi, 12 Agosti

Makala imekwama. Nikolaus amelala kutwa, uso ukutani.

Ijumaa, 13 Agosti

Gaudiosa alitaka kumwaga ile chupa ya zamani, apate chombo cha mafuta ya taa. Akaiinua dirishani, juani. Akaniita.

Tope lote limelala chini! Juu yake nyekundu safi, imekoza, jua linapita ndani. Alimimina polepole, akaacha mashapo. Kikombe cha kwanza kwa Nikolaus, kwa kuwa mwenye pombe ndiye huonja kwanza mbele ya wageni. Alimeza. Akakaa. Akanipa kikombe.

Natafuta maneno tangu asubuhi. Inaingia taratibu, kisha inafunguka — zambarau mbivu, moshi wa kuni, udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Unameza, na bado ipo. Hii imetoka katika vumbi lile ninaloliona kila nikipita na treni! Chini ya jua lile lile linalounguza mtama! Nimesoma sura nzima juu ya divai za Warumi na Wafaransa, nikadhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa hata mstari.

"Baba Anastazia," alisema Gaudiosa, "kumbe unaweza kunyamaza."

Nimechana makala. Wajumbe watatu wa kamati, yule meneja akiwamo, wako Mikumi, wanawinda hadi Jumapili. Tutawapelekea iliyobaki chupani.

Jumamosi, 14 Agosti. Njiani

Lori la mbao. Nimeipakata chupa wima, kama mtoto mwenye homa. Kila shimo nalipokea kwa mgongo wangu, chupa isitikisike. Dereva Simoni aliuliza kama nimebeba mayai. Nikolaus akamwambia ni zaidi. Tangu Jumatano sikuwa nimemwona akitabasamu.

Jumapili, 15 Agosti. Mikumi

Tuko nje ya hema lao. Chupa imesimama mchangani tangu alfajiri. Imetulia, safi kabisa. Askari wao anaitazama. Anaijua sheria, nami naijua: chupa hii mikononi mwetu ni kesi. Nikolaus alitaka kuifunika kwa koti. Nimemkataza.

Mpishi kaingia kuwaambia tumefika. Nasikia kicheko. Meneja anauliza yule mtu wa barua za gazetini anataka nini sasa.

Nataka hivi, wala sitaongeza neno. Ninyi mabwana watatu wa kamati, tokeni na glasi zenu. Chupa asiiguse mtu, nitamimina mwenyewe. Onjeni, mmoja mmoja, mezeni, kaeni kimya kidogo. Kisha mtazameni Nikolaus usoni, na anayetaka mizabibu yake ing'olewe, amwambie yeye.

Turubai la mlango linafunguliwa —