Dada, Usirudi Kuanzia Diploma

Dada mpendwa,

Simu zangu hupokei, na jumbe za sauti nilizokutumia zimekaa tu hazijasikilizwa, naziona. Basi nimeamua kukuandikia hapa mtandaoni, mbele za watu. Ukikataa kusoma, wenzako wa darasani watakusomea kwa sauti zao mbaya. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mdogo asiye na haya.

Tangu uliponiambia Ijumaa kwamba Jumatatu unakwenda ofisini kuiacha nafasi yako ya famasia, mimi sikai nikatulia. Naanza kunyoa, mashine inabaki inalia hewani. Jana nilimfyeka mteja ndevu alizoniomba niziache. Akaniuliza, "Ssebo, bwana wangu, akili yako iko wapi?" Nikamwambia iko magharibi mwa nchi, chuoni, imekaa benchi moja na msichana mkaidi. Akawa anajipapasa kidevu kama mtu aliyefiwa.

Kwanza ujue unataka kuharibu nini. Pale Kamwokya, kwenye kibao cha saluni, chini ya picha ya yule mwanamume mwenye kichwa kizuri kuliko wateja wetu wote, nimeandikisha maneno mapya: NDUGU WA MFAMASIA. Mchoraji aliniuliza, "Kwani ameshamaliza?" Nikamwambia, "Ameingia. Kuingia ndiyo kazi, kutoka kila mtu anatoka." Akachora bila swali la pili.

Sasa mtaa mzima unaniletea vidonge. Yule mama anayeuza matoke mbele yetu alikuja akafungua kiganja: "Mwana wange, hiki cheupe ni cha presha au ni cha mgongo?" Nikakupigia. Ukasema, kama unavyosema kila siku, "Asimeze. Arudi alikopewa, aulize." Mimi nikamfikishia kwa sauti nzito, mikono nyuma. Wengine huko mjini wanaheshimiwa kwa magari. Mimi naheshimiwa kwa neno "usimeze."

Lakini wewe unajua mambo yalianzia wapi. Yalianzia Luzira, kwenye nyumba za askari magereza, ukuta mmoja na jirani, redio yake ikiwa yetu na ugomvi wake ukiwa wetu. Kusoma pale kulikuwa hakuwezekani. Ndiyo maana ulikuwa unanivuta mpaka Port Bell, kule mabehewa yanakopangwa kungoja feri, unakaa juu ya jiwe na kunikabidhi kile kitabu cha maswali ya kemia ulichokishonea jalada la boksi la biskuti. Mimi na shule tulikuwa tumeshaachana kwa amani baada ya Sinia Foo, kidato cha nne. Wewe ulikuwa Sinia Siksi, na mtahini uliyempata bila kusumbuka ni mimi. Malipo yangu yalikuwa nusu ya rolex yako, chapati iliyoviringishiwa mayai, ile nusu yenye yai zaidi.

Nilikuwa nasoma swali, maneno yake marefu kama yale mabehewa, natamka ninavyojua. Wewe unajibu huku unaangalia maji. Na ujibu utakavyojibu, mimi nasema, "Umekosa."

"Nimekosa wapi?"

"Pale mwishoni."

"Mwishoni wapi, we kichwa mbao? Lete kitabu." Unaninyang'anya, unaweka kidole kwenye mstari. "Soma hapa. Soma kwa sauti."

Nasoma. Ni vilevile ulivyosema.

"Basi, umepata kidogo," nasema. "Swali linalofuata."

Unajibu. Umekosa tena. Kidole tena, soma tena. Mpaka wale vijana wanaopakia mizigo wakazoea, wakawa wanaitikia kutoka kule juu ya behewa: "Amekosa!" Nawe unawageukia na kitabu chako, unataka kuwaonyesha na wao.

Unakumbuka ile siku moja ulipokosa kweli? Ulininyang'anya kitabu, ukaweka kidole, ukausoma mstari mara mbili. Mimi mwenyewe niliogopa. Halafu ukacheka mpaka ukashika tumbo. "Leo umebahatisha," ukasema. Kesho yake, kabla sijafungua kitabu, ulianza na swali lile lile, ukalijibu kama unampiga mtu kofi.

Kemia siijui mpaka leo, wala yenyewe hainijui. Lakini nionyeshe mwalimu mwingine nchi hii aliyeingiza mwanafunzi wake famasia, tena moja kwa moja kutoka shule, bila yeye mwenyewe kujua jibu hata moja. Nusu ya digrii hiyo ni yangu. Nitakuja kuidai na joho.

Na Baba, Mzee wetu, je? Jina lako lilipotoka kwenye orodha ya chuo, siku ile hakuwa na zamu. Akapiga pasi yunifomu, akang'arisha viatu, akavaa kofia, akatoka kwenda bombani na jerikeni tupu. Aliteka maji kwa saluti. Jirani mmoja akamwambia, "Afande, famasia moja kwa moja? Si watu huwa wanapitia diploma kwanza?" Mzee akamjibu, "Jina liko." Akabeba jerikeni lake.

Siku ya kukusindikiza kwenye basi ndiyo ulimwuliza, umekumbatia begi, "Baba, na kama wamechanganya majina?" Mzee akasema, "Mimi kazi yangu ni geti. Mtu akija sitazami umri wake, sitazami anatetemeka au anacheka. Natazama jina. Likiwepo, napisha." Ukapanda basi. Nikakupungia kitambaa cha kunyolea, kimejaa nywele za watu.

Halafu Ijumaa unanipigia na sauti ndogo nisiyoijua. Unasema mwalimu aliuliza, kwenye maabara, kwa nini dawa mliyochanganya inajitenga, mafuta juu, maji chini. Ukanyoosha mkono, ukajibu. Na yule mzee wa nyuma yako, aliyepitia diploma, aliyeuza dawa miaka mingi na anayewaita nyote "mwanangu," akasema, "Huyu bado ananuka chaki. Hawa waliotoka shule moja kwa moja wangeanza kule chini kwanza." Darasa likacheka. Ukakaa. Tangu hapo, dada, hujasimama.

"Ana haki," uliniambia. "Nimeruka ngazi. Mimi sifai kuwa hapa. Acha nikaanze na diploma, nirudi nikiwa najua."

Nikakuuliza, "Jibu lenyewe lilikuwa sahihi?"

"Sijui."

"Hukufungua kitabu?"

Ukakata simu.

Hicho ndicho kinachonikosesha utulivu. Kicheko si kitu, hata mimi nachekwa, na kwa kazi yangu mtu anakucheka huku anajiangalia kwenye kioo. Ni hilo la kitabu. Mimi nimekuambia umekosa kutwa nzima, likizo baada ya likizo, na hata siku moja hukuniamini bila kuona mstari. Leo mtu baki anakuambia mara moja tu, unafunga begi?

Yule mzee simchukii. Njia yake ni njia, na vidonge anavijua kwa migongo yao. Kaa karibu naye, mwulize, mchoshe kwa maswali mpaka ajute kukuita mwanangu. Lakini amefika kwa njia yake na wewe kwa yako, na mko chumba kimoja. Hakuna anayetoka ndani ya nyumba arudi nje ili aingie kwa mlango wa mwenzake.

Mzee wetu hajui. Jana mezani aliniuliza, "Mfamasia wetu anasemaje?" Nikasema, "Anasema kule ni kugumu." Akasema, "Vizuri," akaendelea na maharage yake. Mimi nikameza posho, ugali wetu, bila kutafuna. Leo asubuhi nikateremka Port Bell peke yangu. Mabehewa yapo, jiwe letu lipo. Kijana mmoja juu ya mizigo akanitambua, akauliza, "Yule wako wa kitabu yuko wapi?" Nikasema yuko chuo. Sikupenda nilivyolisema, kama mtu anayetaja kitu alichoazima.

Ukirudi nyumbani, nitakupokea. Kibao nitasema mvua ilikifuta. Utabaki dada yangu na nitabaki nakula nusu yenye yai. Lakini kabla hujaingia ofisi ile, fungua kitabu kwenye swali lile la mafuta na maji. Ukikuta ulikosa, cheka ushike tumbo, kesho uanze nalo. Ukikuta ulipata, nenda kwa yule mzee, weka kidole kwenye mstari, umwambie asome kwa sauti.

Na lile la simu, kwamba wewe hufai kuwa hapo, nimelisikia. Jibu langu unalijua.

Umekosa.

Lete kitabu, unionyeshe pameandikwa wapi.

Nabaki hapa mlangoni mwa saluni na simu mkononi,
mdogo wako, mtahini wako wa Port Bell.